Habari kila mtu anayo, taarifa ina mwenyewe

Msomaji wangu, mambo? Najua umejibu poa. Hata kama kodi ya chumba imekukaba na mpenzi wako hapokei simu tangu Ijumaa, umejibu poa tu. Ndivyo tulivyo. Wazee wetu wakiulizwa habari wanajibu nzuri, sisi tukiulizwa mambo tunajibu poa, na mwisho wa yote hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Leo naomba tukae hapo hapo kwenye neno habari, maana mwezi huu limenitia aibu na hasara kwa mpigo. Aibu nimeipata kijiweni, hasara nimempatia shangazi yangu. Vuta kigoda nikupe mkanda mzima.

Kwa nyie wa mjini mnaoijua Benaco kwa kuisikia tu, huku ni Ngara, mkoa wa Kagera, mpakani kabisa. Malori yanayopanda kutoka Dar yanapita Lusahunga kule Biharamulo, yanapumua hapa kwetu, kisha yanateremka Rusumo kuvuka kwenda Rwanda. Kwenye ramani za serikali utasoma Kasulo. Benaco lilikuwa jina la kampuni ya Waitaliano iliyopiga kambi hapa ilipokuwa inajenga barabara. Waitaliano wakafungasha wakaenda zao, jina likabaki. Kwa hiyo sisi ni watu tunaoishi ndani ya jina la kampuni, na ndiyo maana labda tunapenda kubishana kuhusu majina.

Basi bwana, Jumanne jioni tumekaa kijiweni, bodaboda wamepaki, chipsi zinakaangwa, redio ya muuza chipsi inaunguruma. Ikagonga saa mbili usiku, mtangazaji akasema ifuatayo ni taarifa ya habari. Utingo mmoja wa lori, kijana mcheshi kinoma, akadakia: "Hivi na nyie hamwoni? Taarifa ni habari, habari ni taarifa. Sasa taarifa ya habari ndiyo nini? Si sawa na kusema maji ya maji?"

Kijiwe kizima kicheko. Halafu mshikaji wangu mmoja, msaliti mkubwa, akanisonta kidole: "Muulizeni huyu, si ndiye anayeandikaga gazetini!"

Jamani, nilitoka jasho. Kidato cha Nne nilimaliza, Kiswahili nilifaulu, lakini swali lile hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. Nikajitetea kwamba ni lugha ya redio tu, ilimradi inaeleweka. Utingo akasema kama sina jibu nikirudi nije na chipsi mayai ya watu wanne. Dau likawekwa. Nikaenda kuchimba, na nilichokipata nakuletea hapa bure.

Habari ni neno lililoingia kwetu kutoka Kiarabu. Wao wanasema khabar, zikiwa nyingi wanasema akhbar. Zamani hata Waswahili waliandika khabari, na wazee wa pwani wapo wanaoitamka hivyo mpaka kesho, ile kh ikikwaruza kooni. Shina lake linahusu kujua jambo na kulijulisha. Na limezaa watoto ambao hukuwahi kuwafikiria. Yule mhubiri anayekuhubiria jukwaani, kuhubiri kwake kumetoka kwenye shina hilo hilo. Mhubiri na mwanahabari ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja anapitisha kapu la sadaka na mwingine anasubiri posho.

Ndiyo maana pia tunasema fulani hana habari, yaani hajui linaloendelea. Na ukimwambia mtu "sina habari na wewe" umemmaliza, umemwambia hata kumjua hutaki. Na yule binti anayegeuza shingo za watu stendi anaitwa habari ya mjini. Neno limefanya kazi zote hizo na halijachoka.

Tena limesafiri kuliko malori ya Benaco. Mturuki anasema haber. Mhindi anasema khabar. Mhausa wa Nigeria anasema labari. Na wale Wamalaysia na Waindonesia, mbali kabisa huko mashariki, wakikutana asubuhi wanaulizana apa kabar, maana yake habari gani, hivyo hivyo kama sisi! Fikiria: baharia wa zamani akitoka Zanzibar akaenda kushuka kule kwao, lugha hajui hata moja, lakini salamu angeinusa.

Sasa taarifa. Nayo ni ya Kiarabu, lakini ukoo mwingine kabisa. Huu ni ukoo wa kujua na kutambulisha. Ndugu zake unawajua: arifu, maarifa, maarufu. Maarufu ni anayejulikana, maarifa ni unayoyajua, na taarifa ni jambo ambalo mtu amekusudia kuliweka wazi lijulikane. Waitaliano (hao hao wa ndugu zetu Benaco) walilichukua neno hilo karne nyingi zilizopita kwa wafanyabiashara Waarabu, wakaliita tariffa, orodha ya ushuru iliyotangazwa. Kutoka kwao likaenda Ufaransa na Uingereza. Kwa hiyo lori linapokaguliwa forodhani Rusumo na dereva anaonyeshwa anachodaiwa, ujue karatasi ile na taarifa yako ya habari ya saa mbili ni watoto wa babu mmoja.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Waarabu wenyewe, wenye maneno, taarifa ya habari hawaiiti hivyo. Wao wanasema nashrat al-akhbar, yaani uenezaji wa habari. Mwingereza anaita news, mambo mapya. Mfaransa anasema journal, na ndani ya neno hilo kuna siku, maana ni ya kila siku. Jirani zetu Warundi na Wanyarwanda wanasema amakuru, na sisi wa Ngara hilo tunalisikia mdomoni mwa majirani tangu utotoni kama salamu. Lakini taarifa ya habari ni Mswahili aliyeketi akachukua mbao mbili za Kiarabu akajitengenezea kiti chake mwenyewe. Wenye mbao hawakijui.

Na maana yake si maji ya maji hata kidogo. Habari ni lile jambo lenyewe linalosikika, liwe kweli au liwe la uongo, lina mwenyewe au halina. Taarifa ni pale mtu mwenye jina na anwani anaposimama akasema: mimi nimelipokea, nimelipima, na sasa nakujulisha rasmi. Sikiliza bungeni. Mbunge akiona mwenzake anapotosha, anaruka juu: "Mheshimiwa Spika, taarifa!" Hawezi kusema "Mheshimiwa Spika, habari!" Wangemjibu nzuri.

Hiyo ndiyo elimu niliyoitafuta. Sasa sikia nilivyoipata kwa viboko.

Shangazi yangu anafanya biashara ya nyanya. Ananunua kwa wakulima, anajaza matenga, wachuuzi wanakuja kuchukua wanavusha Rusumo. Wiki moja kabla ya ule ubishi wa kijiweni alikuwa na matenga sita uani. Mimi nimejilaza na simu, likaingia grupu la WhatsApp, mtu kaweka sauti. Jamaa anaongea kwa pumzi kama amekimbia: ati mpaka umefungwa, malori yamerudishwa, msijisumbue. Sauti yenyewe imeshapita kwenye simu za watu sijui wangapi. Mimi huyo mbio uani: "Shangazi, habari mbaya, mpaka umefungwa!"

Nyanya haina subira, msomaji. Haikai ikangoja mpaka ufunguliwe. Haikupita saa moja akatokea mnunuzi na kigari chake, akasikiliza malalamiko yetu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema atajitolea tu kutusaidia. Tenga la 40,000 akalichukua kwa 15,000. Yote sita. Tukamshukuru!

Saa mbili usiku shangazi akafungua redio yake. Ni ile ya zamani, antena imeungwa kwa waya, betri zikichoka anazianika juani kama dagaa. Tukasikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho. Mpaka wa Rusumo haukutajwa. Asubuhi tukaambiwa yule mwenye huruma alivuka jioni ile ile na mzigo wetu, akauza bei nzuri.

Piga hesabu mwenyewe: 150,000. Shangazi hakunipigia kelele, na bora angepiga. Aliniuliza kwa upole maneno mawili tu: "Nani kasema?" Nikafungua simu kumwonyesha. Sauti ipo, jina hakuna. Nikamwambia imesemwa tu, kwenye grupu. Akaguna. "Mwanangu, sisi huku tuliwahi kuishi kwa redio. Kaa nikwambie."

Mwaka 1994 shangazi alikuwa msichana wa shule. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, wakati Rwanda inateketea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na ndani ya siku moja walikuwa wameshavuka zaidi ya 200,000. Wakashushwa hapa Benaco, mahali palipokuwa na kijiji na vichaka. Anasema ulilala ukiona kilima, ukaamka ukiona moshi na turubai mpaka macho yanapoishia. Ndani ya umati ule walikuwemo waliokimbia kuokoa roho, na walikuwemo pia waliotoka kuua. Huwezi kuwatambua kwa sura.

Na redio ndiyo iliyokuwa imewatuma wengine. Kule Rwanda kulikuwa na kituo kinaitwa RTLM, kilianza kurusha matangazo mwaka 1993. Nisikilize vizuri hapa, kijana mwenzangu. Haikuwa redio ya wazee wenye kukunja uso. Ilikuwa redio ya kisasa, muziki mtamu, utani, lugha ya mtaani, vijana wakaipenda. Mwaka uliofuata, katikati ya muziki ule ule, wakawa wanataja majina ya watu na mahali walipojificha. Watu wakafuatwa huko huko, wakauawa. Utani ulikuwa umeshawazoeza watu kusikiliza bila kuuliza.

Wakati huo huo, mwaka huo huo wa 1994, BBC ikaanzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili ya eneo hili la Maziwa Makuu. Wakayaita Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Nako walikuwa wanasoma majina! Fulani mtoto wa fulani, anawatafuta wazazi wake. Fulani yuko kambi fulani, yu hai. Mwaka uliofuata, 1995, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa hapa Ngara. Kwizera ni kutumaini.

Ona sasa. Redio moja inasoma majina ili watu wafe, nyingine inasoma majina ili watu waonane. Kwa sikio la mpita njia zote ni habari.

Shangazi anasema kulikuwa na mama mmoja wa kambini aliyekuwa anakuja kwao kila siku saa ya matangazo, kwa kuwa babu alikuwa na redio. Haombi chakula, haombi maji. Anakaa chini karibu na mlango, anasikiliza majina mpaka yanaisha. Hakuna mtu aliyemuuliza habari zako, maana kwa mtu wa namna ile swali hilo si salamu tena, ni swali la kweli, na jibu lake haliwezi kuwa nzuri. Majina yakiisha anajifunga kanga, anasimama, anasema ejo, kesho. Kesho yake yupo.

Miaka miwili hivyo. Kisha mwanzoni mwa Desemba 1996 ikatoka taarifa ya pamoja ya serikali ya Tanzania na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa: wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao kabla ya tarehe 31 Desemba. Wengi waliingiwa na hofu wakashika njia ya kuelekea ndani ya Tanzania badala ya Rusumo, askari wakawarudisha. Karibu nusu milioni ya watu wakavuka daraja kurudi katika mwezi ule mmoja. Barabara ile iliyowaleta ikawapeleka.

Nikamuuliza shangazi, yule mama alisikia jina alilokuwa analingoja?

Akasema, "Aliondoka na wenzake. Habari zake hatuna."

Msomaji, mimi neno hilo nimelisema mara ngapi maishani? Habari zake sina. Nilimaanisha hanijibu meseji. Shangazi alipolisema nilinyamaza.

Sasa turudi kwenye dau letu, maana kuna mjanja atanibana: mbona hata RTLM ilikuwa na watangazaji wenye majina, mbona taarifa yao ilikuwa ya kuua? Swali zuri. Kuwa na mwenyewe hakulifanyi jambo kuwa kweli. Lakini kunafanya kitu kingine: kunatupa mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa hapa kwetu Arusha, iliwatia hatiani waasisi wawili wa RTLM pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia. Walijulikana, wakaulizwa, wakajibu.

Yule wa kwenye simu yangu, aliyekuwa anahema, nimpeleke Arusha gani? Jina hana. Sauti yake imegawanywa na mamia ya watu kama mimi, kila mmoja akiwa na kipande kidogo cha kosa, hakuna mwenye kosa zima. Lakini hapana. Kwa shangazi mwenye kosa zima yupo. Ni mimi niliyekimbia uani. Ile ilikuwa habari mpaka ilipofika mlangoni kwetu, na mimi kwa mdomo wangu nikaipandisha cheo ikawa taarifa. Shangazi aliiamini kwa sababu niliyeisema ni mimi, mtoto wake, mwandishi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwa na bando. Siku hizi lisemwalo laweza lisiwepo, lisije, na nyanya zikawa zimeshauzwa.

Jana nilirudi kijiweni na jibu langu. Nikawamwagia ukoo mzima, wa khabar na wa taarifa, mpaka Waitaliano. Utingo akasikiliza, akakuna kichwa, akasema: "Kwa hiyo habari ni mzigo, taarifa ni mzigo wenye karatasi." Nikamwambia kaka, umelisema kuliko mimi. Mzigo usio na karatasi Rusumo haupiti, lakini kwenye simu zetu unapita usiku na mchana. Chipsi mayai akalipa yeye, dau ni dau.

Malipo ya makala hii yameshapigiwa hesabu. Hayafiki 150,000, hata robo yake hayafiki, lakini yatakwenda uani kwa shangazi kama yalivyo. Na nyumbani kwetu sasa kuna sheria mpya. Ukiingia mbio na simu mkononi unapiga kelele habari, habari, shangazi hata hageuki. Anaendelea kuchambua nyanya zake, anakuuliza tu: "Nani kasema?"

Ukiwa na jibu, karibu. Ukiwa huna, shika tenga usaidie kazi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.